Nyumba Isiyoruhusiwa Kubadilika

Mambo ya urithi mnayajua wenyewe. Mzee akifa, akaacha nyumba na shamba na ng'ombe wachache, maneno yake ya mwisho hushikwa kwa muda. Baadaye mwana mmoja huuza sehemu yake, mwingine hubomoa ukuta, na baada ya miaka ishirini hakuna ajuaye mlango wa mzee ulikuwa upande gani. Leo tunawaletea habari za nyumba moja iliyoko katika mji wa Boston, nchi ya Marekani, ambayo mwenyewe alifariki mwaka 1924 akiwa ameandika katika wosia wake kwamba mpango wa vitu vilivyomo usibadilishwe kamwe. Wosia huo unashikwa mpaka sasa. Lakini kuushika si kazi ndogo, kama mtakavyoona.

Mwenye nyumba aliitwa Isabella Stewart Gardner. Alizaliwa New York tarehe 14 Aprili 1840, binti wa mfanyabiashara tajiri, na mwaka 1860 akaolewa na John Gardner, mtu wa Boston, naye wa ukoo wenye mali. Walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 1863, akafa kwa ugonjwa wa mapafu kabla hajatimiza miaka miwili. Mama alishikwa na huzuni hata akaugua, na daktari akashauri asafiri. Mwaka 1867 mumewe akampeleka Ulaya. Tokea hapo safari ikawa kama dawa yake: walifika Misri, Nchi Takatifu, India, China na Japani, na mara nyingi sana walikwenda Venezia, ule mji wa Italia uliojengwa juu ya maji.

Baba yake alipofariki mwaka 1891 alimwachia urithi wa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Wengine wangenunua mashamba au majumba ya kupangisha. Yeye alinunua picha. Mwaka 1892, huko Paris, alinunua mnadani picha ya Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, inayoonyesha watu watatu wakipiga muziki chumbani. Kisha akasaidiwa na kijana mmoja mwenye macho makali ya kutambua kazi za wachoraji wa kale, Bernard Berenson, na kwa msaada wake akapata kazi za Botticelli, Titian, Rembrandt na wengine. Kati ya hizo imo picha ya Fra Angelico, yule mtawa Mdominiko, inayoonyesha kufa na kupalizwa mbinguni kwa Bikira Maria.

Nyumba ya mjini ikajaa. Bwana na Bibi wakawa wanazungumza habari ya kujenga nyumba ya makumbusho, lakini Desemba 1898 bwana akafa ghafula. Mjane hakukawia. Mwanzoni mwa mwaka 1899 alinunua kiwanja mahali paitwapo Fenway, pembezoni mwa mji wa wakati ule, pa ardhi ya majimaji, hata ikabidi nguzo zipigwe ardhini kwanza ndipo msingi upate pa kukaa.

Mjenzi wake, Willard Sears, alikuwa mtu wa elimu, lakini bwana wa kazi hasa alikuwa Bibi mwenyewe. Alifika kiwanjani kila siku. Nguzo, madirisha na baraza za mawe zilizokuwa zimenunuliwa Italia alizipanga kwa mkono wake. Kulikuwa na Mwitaliano mmoja aliyepiga tarumbeta kuwaita mafundi, kila kazi na idadi yake ya milio. Wapaka rangi walipokuwa hawaelewi namna alivyotaka kuta za uani, alipanda ngazi yeye mwenyewe na sifongo mkononi, akachanganya nyekundu hafifu na nyeupe mbele ya macho yao. Wakati huo alikuwa amekwisha pita miaka sitini. Mafundi wengine pengine walimchukia. Lakini rangi ile ndiyo inayowavuta wageni hata leo.

Sasa jaribuni kuona nyumba yenyewe. Kwa nje ni ukuta wa matofali, mtu anaweza kuupita asiutazame. Ndani kuna ua mkubwa wa mraba uliojaa maua, na pande zote nne kuta zapanda ghorofa nne zenye madirisha ya Venezia, na juu ya yote paa la kioo. Yaani alikichukua kile ambacho Venezia ni uso wa nje, akakigeuza kitazame ndani. Tarehe 1 Januari 1903, usiku, aliwaalika rafiki zake, wapiga muziki wa Boston wakapiga, kisha milango ya ua ikafunguliwa. Mwaka huo huo watu wote wakaanza kuruhusiwa kuingia kwa siku maalumu. Yeye alikaa ghorofa ya juu mpaka kufa kwake, tarehe 17 Julai 1924.

Twende kwenye wosia. Aliwaachia wadhamini nyumba na vyote vilivyomo, ili watu wote wapate elimu na furaha daima. Akaacha na dola milioni moja ziwe akiba ya kuitunza. Wazee wetu wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Na Bibi huyu, binti wa mfanyabiashara, alilijua jambo hilo vema. Kisha akaweka sharti: wadhamini wakibadili mpango wa vitu, basi vyote viuzwe huko Paris, na fedha wapewe Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuwategemea wanadamu kwa wema wao tu! Tena, kwa kuwa alikuwa Mwanglikana mwenye ibada, aliagiza kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, afanyiwe ibada ya kumwombea katika kikanisa kilicho mwishoni mwa chumba kirefu cha ghorofa ya tatu. Ibada hiyo hufanyika.

Huenda mtauliza: kama hakuna kinachobadilishwa, kazi ya kutunza ni ipi? Kila mwenye nyumba anajua jibu. Ukiacha kila kitu kama kilivyo, hakibaki kilivyo. Hariri iliyofunika kuta huchakaa, mwanga hula rangi za nguo, unyevu wa uani hupanda kwenye mbao za kale. Vitu ni zaidi ya 7,500, na kila kimoja kina adui wake. Mwaka 1955 wadhamini walimchagua George Stout kuwa mkuu wa nyumba, mtu aliyekuwa bingwa wa kuhifadhi picha, na ambaye wakati wa vita kuu ya pili alikuwa katika kikosi cha majeshi ya Marekani kilichookoa kazi za sanaa Ulaya. Aliitunza mpaka 1970. Vyumba vingine vina giza kidogo kwa makusudi, ili nguo zisipauke. Wala ukutani hamna vibao vya majina karibu na picha, kwa sababu Bibi hakuviweka.

Hata maua yana desturi yake. Karibu na Pasaka hushushwa kutoka madirisha ya ghorofa ya tatu mimea itambaayo, mirefu kupita urefu wa mtu mara tatu, yenye maua ya rangi ya chungwa. Watunza bustani huilea kipindi chote cha baridi katika nyumba za vioo, kwa maonyesho ya majuma machache tu, kwa kuwa ndivyo alivyofanya mwenyewe.

Wageni wakawa wengi kuliko nyumba ilivyoweza kubeba. Muziki ulipigwa katika chumba cha mazulia ya ukutani, na vumbi na joto la watu likadhuru vile vile walivyokuja kuvitazama. Wadhamini wakataka kujenga nyumba ya pili nyuma, na kuhamisha mlango wa kuingilia. Je, huko si kuvunja wosia? Hawakuamua wenyewe, walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ikawapa ruhusa. Nyumba mpya, kazi ya Renzo Piano, Mwitaliano, ilifunguliwa Januari 2012, na kuunganishwa na ya zamani kwa njia ya vioo. Fedha za kazi hiyo zaidi ya dola milioni mia moja. Wako waliolalamika, maana banda la zamani la magari ya farasi lilibomolewa. Sisi twaona heri kubomoa banda kuliko kuiacha nyumba yenyewe iangamie kwa miguu ya wageni.

Lakini liko pigo moja ambalo wosia haukuliwaza. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 18 Machi 1990, watu wawili waliovaa sare za polisi walibisha mlango wa pembeni, wakisema wamesikia kuna fujo. Kijana mlinzi akawafungulia, kinyume cha amri. Walinzi wote wawili wakafungwa kwa utepe na kuwekwa chini ya nyumba. Wezi walikaa humo dakika 81, wakaondoka na vitu 13. Walichukua ile picha ya Vermeer, picha ya Manet, michoro ya Degas, chombo cha kale cha shaba cha China. Picha mbili za Rembrandt walizikata kwa kisu kutoka katika fremu. Wala nyumba haikuwa na bima ya wizi.

Moja ya hizo mbili mnaijua habari yake, maana husomwa katika Injili: Bwana yumo chomboni na Mitume, dhoruba imevuma juu ya Bahari ya Galilaya. Rembrandt aliichora mwaka 1633, nayo ndiyo picha yake pekee ya bahari. Mmoja ameshika usukani, mwingine anatapika, wengine wanamwamsha Bwana. Ukihesabu watu utapata 14: Bwana, Mitume kumi na wawili, na mmoja zaidi aliyeshika kamba na kofia yake, anayekutazama wewe. Hudhaniwa kuwa ni mchoraji mwenyewe.

Hakuna hata kimoja cha vitu hivyo 13 kilichorudi, wala mtu aliyehukumiwa kwa wizi huo. Wadhamini walitangaza zawadi ya dola milioni moja, mwaka 1997 wakaifanya milioni tano, na mwaka 2017 milioni kumi, kwa atakayewezesha vyote kurudi vikiwa salama. Kwa kuwa wosia hauruhusu kutundika kitu kingine mahali pale, fremu zimeachwa ukutani. Mgeni akiingia katika chumba cha Waholanzi leo, anaikuta fremu kubwa ya dhahabu ikiwa imetundikwa sawasawa, na ndani yake anaona kitambaa cha ukuta tu.