Mama wa Watoto wa Kesho Wamekwisha Kuzaliwa

Sensa ya kwanza ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyofanywa mwaka 1967, ilikuta watu milioni 12 na laki tatu. Ya sita, iliyofanywa mwezi wa Agosti 2022, ilikuta watu milioni 61 na laki saba. Na mtu aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza, ambaye siku ya hesabu ya mwisho alikuwa na nguvu bado za kushika jembe, ameishi kuiona nchi yake ikiongezeka mara tano kabla nywele zake hazijawa nyeupe zote. Kati ya sensa mbili za mwisho watu waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, ilhali katika muongo uliotangulia walikuwa wakiongezeka kwa asilimia 2.7. Asiyezoea hisabu za namna hii huviona viwango hivyo vidogo, na ndiyo maana wenye elimu ya idadi ya watu hutumia kanuni nyepesi: chukua 70, igawe kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, na jibu utakalopata ndiyo miaka inayotosha watu kuwa mara mbili ya walivyo. Sabini ukiigawa kwa 3.2 wapata miaka 22 hivi. Kwa Zanzibar, ambako ongezeko lilifika asilimia 3.7, ni miaka 19, yaani umri wa kijana ambaye hata bado hajaoa.

Umoja wa Mataifa wakadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 Tanzania itakuwa na watu karibu milioni 130, na umeitia katika orodha ya nchi nane ambazo kwao itatoka zaidi ya nusu ya ongezeko lote la wanadamu hadi mwaka huo, pamoja na India, Nigeria, Pakistan, Ethiopia, Misri, Ufilipino na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Habari hii huwatia wengine fahari na wengine hofu, na wote wana haki ya walihisilo. Lakini yafaa kwanza tujue chanzo chake, maana chanzo chake ni rehema. Uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 2004 na 2005 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano; uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Chanjo, chandarua, dawa mseto ya malaria na mkunga aliyefunzwa vimewarudishia akina mama watoto ambao zamani wangalizikwa. Uzazi nao umepungua, lakini kwa mwendo wa taratibu zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto zaidi ya sita katika umri wake, na mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Mauti yamekimbia, uzazi umetembea, na katika nafasi iliyobaki baina yao ndimo umati ulimozaliwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo aghalabu husahauliwa, nami naliona kuwa ndilo kiini cha suala zima. Katika kila Watanzania kumi, zaidi ya wanne hawajatimiza miaka 15. Hao ni watoto wapatao milioni 26, na nusu yao, kiasi cha milioni 13, ni wasichana ambao ndani ya miaka 15 wote watakuwa wameingia katika umri wa kuzaa, ilhali akina mama watakaotoka katika umri huo kwa muda uo huo hawafiki nusu ya idadi yao. Tuseme, kwa ajili ya kupima tu, kwamba tangu kesho asubuhi kila mmoja wa wasichana hao ataazimia kuzaa watoto wawili, asizidishe: watoto hao peke yao watakuwa milioni 26, na nchi itaendelea kuongezeka miongo kadhaa, kwa kuwa wanaozaliwa watakuwa wengi kupita wazee wanaokufa. Jahazi lililokuwa likienda na kusi kali, nahodha akisha kutua tanga, halisimami papo hapo. Huzidi kupasua maji masafa marefu kwa nguvu ya mwendo liliokuwa nao. Kwa hiyo, mintarafu ya miaka 30 ijayo, kubishana kama tuwe wengi au tusiwe wengi ni kubishana juu ya hukumu iliyokwisha kutolewa. Mama wa watoto hao wako miongoni mwetu, wengine wamo darasani, wengine wamebebwa mgongoni. Yaliyobaki mikononi mwetu ni mawili: kuwapokea walio njiani kwa maandalizi, na kuwapa mabinti wa leo uwezo wa kujichagulia, ili kizazi kitakachofuata kije kwa hiari na si kwa ajali.

Wako wasemao, na kauli yao yastahili kujibiwa kwa adabu, kwamba nchi yenye kilomita za mraba 945,000 haiwezi kujaa. Laiti ardhi yote ingekuwa sawa! Walakini mvua haikugawanywa kwa usawa, wala rutuba, na sehemu kubwa ya nchi ni hifadhi za wanyama na misitu ambazo ni akiba ya maji yetu wenyewe. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kihamba kilichomtosha babu kupanda migomba na kahawa kiligawanywa kwa wanawe, na vipande vile vikagawanywa tena kwa wajukuu, hata leo viko vipande visivyotosha ila nyumba na makaburi ya wazee. Mwenye kukosa nafasi huhama, na dalili za kuhama huko zimo katika sensa: mkoa wa Katavi, uliokuwa na watu laki tano na nusu na ushei mwaka 2012, ulikutwa na zaidi ya milioni moja na laki moja miaka kumi baadaye. Wakulima na wafugaji, wengi wao kutoka Usukuma, wameelekea huko, na wengine wameshuka hadi bonde la Kilombero na Rufiji. Na mahali jembe na ng'ombe wanapogombea maji yale yale, ugomvi hauko mbali.

Zanzibar hali ni ya dhiki zaidi, maana kisiwa hakina upande wa kuhamia. Watu milioni moja na laki tisa kasorobo wanaishi katika eneo ambalo kila kilomita yake ya mraba yabeba watu zaidi ya 750, na karibu nusu yao wamo katika mkoa mmoja wa Mjini Magharibi. Upande wa mashariki wa Unguja ni ardhi ya maweni, ambayo kilimo chake ni cha taabu. Udongo mzuri uko magharibi, na huko huko ndiko nyumba zinakojengwa. Kila shamba la mpunga au la minazi linalogeuzwa viwanja halitarudi kuwa shamba. Na maji ya kunywa hutoka chini ya mwamba wa chokaa, yakichotwa kupita kiasi bahari huingia mahali pake na kisima hugeuka chumvi. Mimi nadhani katika nchi yetu hakuna mahali ambapo mpango wa matumizi ya ardhi ni jambo la uhai kama visiwani.

Dar es Salaam yatufundisha somo la namna nyingine. Mwaka 1967 mkoa wake ulikuwa na watu chini ya laki nne. Mwaka 2022 walikuwa milioni tano na laki nne. Yafaa kutazama pia kilichotokea nje ya mipaka yake: mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu milioni moja na laki moja mwaka 2012, ulivuka milioni mbili mwaka 2022. Mji umemwagika. Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo zinapokea familia zilizoshindwa na bei ya kiwanja au kodi ya chumba, na mwenye nyumba mpya huko hulala usiku mfupi, maana kabla ya alfajiri yuko kituoni kutafuta gari la kumfikisha kazini. Fundi ujenzi hufika kabla ya mpimaji, na mpimaji hufika kabla ya bomba. Utaratibu huu uliopinduka ndio utakaotugharimu sana, kwa sababu barabara ikiachiwa njia yake ardhi ingali pori haina fidia, na ile ile ikipitishwa baada ya miaka kumi katikati ya nyumba za watu hula fedha nyingi na machozi mengi. Mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua kwa ukosefu wa mvua, jiji zima lilipewa maji kwa mgawo. Na mto huo hautaongezeka kwa kuwa watu wameongezeka.

Nageukia shule, ambako hisabu huwa haina huruma. Kila mwaka Tanzania hupata watoto zaidi ya milioni mbili. Chumba kimoja cha darasa, kwa kipimo kilichowekwa, chapasa kuwa na wanafunzi 45. Rika moja la watoto milioni mbili ladai basi vyumba zaidi ya 44,000 na walimu kwa kadiri hiyo, na nyuma yake linakuja rika jingine lililo kubwa zaidi. Ada ilipofutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, watoto walijaa kwa furaha, na shule nyingi za mijini zikalazimika kuendelea na zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, ili dawati moja litumike mara mbili. Ni jambo jema kwamba mlango ulifunguliwa, na serikali yastahiki shukrani kwa hilo. Lakini mtoto aketiye katika umati wa watoto mia moja, akamsikia mwalimu kwa mbali tu, amehesabiwa shuleni pasipo kupata elimu.

Fauka ya hayo, katika darasa hilo hilo ndimo hatima ya kizazi cha pili itakamoamuliwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito; miaka saba kabla yake walikuwa 27. Wengi hufikiri kwamba ongezeko la watu latokana na wingi wa watoto anaopata kila mama tu, na hawautii maanani umri wa kuanza. Mwanamke aanzaye kuzaa akiwa na miaka 17, na bintiye akafuata njia iyo hiyo, hupakata mjukuu kabla ya kufika miaka 35; yule aanzaye akiwa na miaka 25 humpakata mjukuu wake akiwa na 50. Katika karne moja ukoo wa kwanza hupata vizazi karibu sita, na wa pili vinne, hata kama kila mama katika koo zote mbili amezaa watoto sawasawa. Kwa hiyo kila mwaka ambao msichana akaa shuleni bila ya kuolewa ni mwaka anaolipunguzia taifa mwendo, wala hakuna amri inayohitajika wala shuruti. Maadam wanawake wa vijijini huzaa karibu watoto wawili zaidi ya wenzao wa mijini, shule ya sekondari yenye bweni la wasichana katika wilaya ya mbali ni kazi ya maendeleo iliyo bora kuliko majengo mengi ya fahari.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba ruhusa hiyo yapingana na Katiba. Mwaka 2021 serikali iliwafungulia tena mlango wa shule mabinti waliokatizwa masomo kwa kujifungua. Haya mawili nayahesabu miongoni mwa matendo makubwa ya siasa ya idadi ya watu katika zama zetu, ijapokuwa hayakuitwa kwa jina hilo.

Huduma ya uzazi wa mpango si ngeni kwetu. UMATI, chama cha uzazi wa mpango, kilianzishwa mwaka 1959, kabla ya uhuru wa Tanganyika, na Nyota ya Kijani, alama ya huduma hiyo, inajulikana kila penye zahanati. Mwalimu Nyerere, alipoutoa Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1969, aliwataka watu wakumbuke kwamba kuzidisha watoto lazima kuende pamoja na uwezo wa kuwatunza. Hata hivyo mwanamke mmoja katika kila watano walio katika ndoa angependa kuchelewesha mimba au kukoma kuzaa, wala hatumii njia yoyote. Ama kituo kiko mbali, ama dawa zimekwisha, ama anamchelea mumewe. Wazee wetu husema kila mtoto huja na riziki yake, nami siwapingi. Ila riziki ya zama zao ilikuwa shamba lililokuwapo tayari, na ya leo hupatikana kwa ada, nauli, daftari na ujuzi.

Nchi ambazo uzazi wake umeshuka kwa hiari hupata nafasi ya miongo michache ambamo wafanyao kazi ni wengi na wategemezi ni wachache, na akiba huweza kuwekwa. Jirani zetu wa Rwanda, waliokuwa na wastani wa watoto 6.1 kwa kila mwanamke mwaka 2005, walifika 4.1 katika muda wa miaka 15, kwa kuwafikishia watu huduma hadi vijijini. Lakini nafasi hiyo haina faida kama kazi hazipo, na kwetu vijana wanaotafuta kazi kwa mara ya kwanza kila mwaka wakaribia milioni moja, ambao wengi wao huishia kuendesha bodaboda au kutandaza bidhaa kando ya barabara.

Sensa ijayo, kwa desturi ya kila miaka kumi, itakuwa mwaka 2032, na kwa mwendo wa sasa itakuta watu zaidi ya milioni 80. Magazeti yatatangaza jumla hiyo kwa herufi kubwa. Mimi nitalitafuta kwanza jedwali la wanawake wenye miaka 15 hadi 19, wilaya kwa wilaya, nione ni wangapi bado wako shuleni na ni wangapi wamekwisha kuwa mama. Kisha nitatafuta, katika wilaya zizo hizo, ni kaya ngapi zilizopata maji ya bomba na ni ngapi zimejengwa katika viwanja vilivyopimwa kabla ya kujengwa.