Ndoa ya Haraka Kabla ya Safari Haiondoi Shaka

"Anti, tufunge ndoa kwanza ndipo aondoke, si ndiyo?"

Swali hili hunifikia kwa ujumbe wa sauti, kwa simu za usiku, na mara nyingine kwa mzazi anayemuulizia mwanawe. Karibu kila mara mwenye swali ni kijana wa Kinigeria, msomi, ambaye mchumba wake amepata nafasi ya chuo au ajira Uingereza au Kanada. Nikimuuliza haraka ya nini, hunitajia viza. Tukiendelea kuongea kwa utulivu, jambo la pili hujitokeza lenyewe: hana hakika na huyo mchumba. Amegundua madeni aliyofichwa, au ameona jinsi anavyobadilika akikasirika, au kuna simu ambazo hazipokelewi mbele yake. Anaamini kwamba ndoa ikishafungwa na ndege ikiruka, shaka itabaki Lagos.

Haibaki. Nimelijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu, na sasa nalijibu kwa wote. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam nao wasikilize, kwa sababu sheria za viza ninazozitaja hapa haziwatofautishi na Mnigeria.

Sitaeleza kwa nini vijana wa Nigeria wanaondoka. Aliyeona dola moja ikitoka takriban naira 460 kabla ya Juni 2023 hadi kupita naira 1,500 mwaka uliofuata hahitaji maelezo. Kuondoka huko wenyewe wanakuita japa, na sina ugomvi na kijana anayetafuta maisha. Ugomvi wangu ni na ushauri anaopewa kuhusu mwenzi wake.

Tuanze na viza, maana ndiyo sababu inayotajwa kwanza. Binamu aliyeondoka mwaka 2021 anakupa habari za mwaka 2021. Wakati ule mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliweza kwenda Uingereza na mke na watoto. Tangu tarehe 1 Januari 2024 anayeanza masomo hawezi tena, isipokuwa awe kwenye shahada ya utafiti kama uzamivu, au analipiwa na serikali. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu wa nyumba za wazee naye haruhusiwi kumleta mwenzi wala mtoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri wamezuiwa kabisa kuleta wahudumu wapya kutoka nje kwa kazi hiyo. Kanada nayo, tangu tarehe 21 Januari 2025, humpa mwenzi wa mwanafunzi kibali cha kazi ikiwa tu mwanafunzi huyo yuko kwenye uzamivu, uzamili wa miezi 16 au zaidi, au fani chache za kitaalamu. Wengi wanaonipigia simu wanakimbilia cheti cha ndoa kwa ajili ya viza ambayo cheti hicho hakiwezi kuwapatia.

Hata pale njia ilipo, tuseme kwa daktari au mhandisi mwenye viza ya kazi ya ujuzi, cheti peke yake hakitoshi. Ofisa anataka kuridhika kwamba uhusiano ni wa kweli na unaendelea. Cheti cha wiki tatu zilizopita, picha zote za siku moja, na mwombaji asiyejua mwenzake anafanya kazi idara gani, ni maswali matupu mezani kwa ofisa huyo. Na sheria hiyohiyo ya Uingereza inamtambua mwenzi ambaye hajafunga ndoa, mradi wathibitishe kwamba uhusiano wao wa kudumu umefikisha angalau miaka 2. Mawakala wengi hawawaambii vijana jambo hili, kwa sababu haliwaingizii kitu.

Wapo wanaonijibu: "Sawa, viza haipo, lakini angalau atakuwa ameoa, hatathubutu kuniacha." Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Mume asiye na haya hazuiwi na cheti kilichomo kwenye bahasha Surulere. Anayefungwa nacho ni yule mwaminifu aliyebaki.

Waulize mawakili wa Lagos. Ndoa ya msajili, ile ambayo watu hupiga picha kwenye ngazi za ofisi ya msajili Ikoyi, kisheria ni ndoa ya mke mmoja na mume mmoja, na huvunjwa na Mahakama Kuu tu. Sheria ya Nigeria ya mwaka 1970 inayosimamia mashauri ya ndoa hairuhusu kudai talaka kabla ya miaka 2 tangu siku ya ndoa, isipokuwa kwa sababu chache nzito au kwa ruhusa maalumu ya mahakama. Ukitegemea hoja kwamba mmetengana, unahitaji miaka 2 ya kuishi mbalimbali ikiwa mwenzako hapingi, na miaka 3 akipinga. Mkifika England au Wales, huko nako hakuna anayeruhusiwa kuomba talaka kabla ndoa haijatimiza mwaka 1. Na kama mahari ilitolewa, kwa desturi ya Waigbo na wengine wengi, kuna kikao kingine cha wazee cha kuirudisha. Wakati wote huo, ukifunga ndoa na mtu mwingine umetenda kosa la jinai.

Nimemwona dada wa miaka 29, muuguzi, aliyefunga ndoa siku chache kabla mumewe hajapanda ndege. Shaka yake ilikuwa moja na ilikuwa wazi: mwanamume huyo hakuwahi kumweleza anapata kiasi gani wala fedha zinakwenda wapi. Baada ya miezi michache simu zilipungua, kisha zikakoma. Leo amepata mtu mwingine anayemtaka kwa dhati, na hawezi kufanya lolote mpaka mahakama imalize kazi yake. Alikuja kuniuliza kama alikosea kutoomba zaidi. Hakukosea katika sala. Alipewa ushauri mbaya na watu wazima waliopaswa kujua.

Na hilo linanileta kwa wanaouza dawa ya shaka. Namheshimu sana mchungaji au imamu anayewaketisha wachumba kwa wiki kadhaa na kuwauliza kuhusu fedha, watoto na wakwe. Simheshimu anayepokea sadaka ya kufunga agano kabla ya safari, kisha akamwambia binti kwamba hofu yake ni roho ya kukataliwa inayotaka kumzuilia baraka. Binti aliyegundua kwamba mchumba wake ana mtoto Port Harcourt asiyemtaja hana pepo. Ana taarifa, na anayemshauri aipuuze anamdhuru.

Vijana hawahawa wanajua kabisa namna ya kuheshimu taarifa. Wengi wao huulizana jenotaipu mapema, hata kabla ya kutambulishana kwa wazazi, kwa sababu wanaelewa kwamba watu wawili wenye AS, kwa kila mimba, wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye selimundu. Uchumba mwingi Nigeria umevunjika kwa karatasi ya maabara, kwa machozi, na familia zikaelewa. Ukatili, uongo na ufujaji wa fedha navyo huonekana mapema, ila vikionekana watu hushauriana kuongeza kasi ya harusi.

Sasa fikiria mmefanikiwa, mko pamoja. Chumba kimoja cha kupanga Leicester, jiko na bafu mnachangia na wapangaji wengine. Mke anarudi saa 2 asubuhi kutoka zamu ya usiku, mikono imekauka kwa sabuni ya kuulia vijidudu. Mume ametoka saa 12 kuwahi basi la kwenda ghalani kubeba boksi. Kitandani wanapokezana. Wanaandikiana kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni: "Gesi nimelipa. Za mama bado, pauni 40." Mazungumzo yao ya wiki nzima ndiyo hayo, na Jumapili, siku pekee wanayoonana mchana, wote wana usingizi.

Watu hawa walijuana Lagos, ambako ugomvi wao ulikuwa na pa kwenda. Shangazi alipiga simu, rafiki wa mume alimtoa nje wakanywa kitu, mama mkwe alikuja na kukaa siku mbili. Ndugu hao huudhi, lakini hubeba mzigo mkubwa wa ndoa bila kutajwa. Leicester hawapo. Jirani akisikia sauti zimepanda ukutani, anaita polisi.

Kisha kuna fedha. Tozo ya afya ya Uingereza kwa kawaida ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na hulipwa yote kabla ya safari. Kwa watu wawili, miaka 3, hizo ni pauni 6,210, bado nauli na ada ya viza. Mara nyingi baba wa mmoja ameuza kiwanja, au mjomba amekopesha, na kila ugomvi unaanza na kiwanja hicho. Naira ilipoporomoka, wanafunzi wa Kinigeria walishindwa kumalizia ada, na mwaka 2024 chuo kimoja cha kaskazini mashariki ya Uingereza kiliwaondoa baadhi yao masomoni na kuwataka waondoke nchini. Mtu aliyekuwa anakuficha madeni Ikeja hawezi ghafla kuwa muwazi chini ya shinikizo la namna hiyo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni uwezo ambao viza humpa mmoja juu ya mwingine. Mtegemezi yuko nchini kwa jina la mwenzake. Uhusiano ukivunjika, Wizara ya Mambo ya Ndani inatakiwa kuarifiwa, na kwa kawaida muda wake wa kukaa hupunguzwa hadi siku 60. Mwenzi mwema hatautumia uwezo huo. Mwenzi ambaye tayari ulikuwa na shaka naye atakukumbusha kila mkigombana: "Nikipiga simu moja tu, unarudi kwenu." Nimesikia sentensi hii kutoka kwa wanawake na kutoka kwa wanaume, maana siku hizi mara nyingi mwenye viza ni mke.

Basi ufanye nini? Kwanza tenganisha hofu ya safari na shaka juu ya mtu. Jiulize: viza ikifutwa kesho, ungefunga naye ndoa mwaka huu, hapohapo Enugu? Kama jibu ni ndiyo, hofu yako ni ya safari, na hiyo inazungumzika. Kama ni hapana, simamisha mipango leo. Mnaopendana na njia haipo, aende mmoja, mpeane tarehe ya kuangalia upya uamuzi, na mpange saa za simu mapema, maana Toronto iko nyuma ya Lagos kwa saa 5 au 6. Ukiwa na sifa, omba viza kwa jina lako mwenyewe badala ya kuwa mtegemezi. Wazazi wakishinikiza, waombeni utambulisho wa familia tu, bila mahari na bila msajili. Kabla ya kuamua, wekeni mezani mishahara, madeni, watoto mlionao, na kiasi ambacho kila mmoja atatuma kwao kila mwezi, kwa tarakimu. Sheria someni kwenye tovuti ya serikali ya nchi mnayokwenda. Anayekuuzia mume au mke wa karatasi anakuuzia udanganyifu, na Uingereza ikiugundua inaweza kukunyima viza kwa miaka 10. Ukishakuwa huko, weka akaunti yako ya benki na nyaraka zako mwenyewe. Ukipigwa au kutishwa, usikubali kwamba huna pa kwenda: Uingereza ina ruhusa ya miezi 3 kwa mwenzi mtegemezi anayekimbia ukatili wa nyumbani, na inaombwa bila mwenye viza kushirikishwa.

Na wewe ambaye tayari umeandikisha tangazo la ndoa kwa msajili na moyo unakataa, ongea sasa. Waambie wazazi kabla shangazi hawajagawana vitambaa vya sare. Sheria ya ndoa ya Nigeria inataka siku 21 zipite tangu tangazo kabla cheti cha kuruhusu ndoa hakijatolewa, na ndoa isipofungwa ndani ya miezi 3, tangazo hilo linabatilika lenyewe, bila kesi, bila wakili, na bila mtu yeyote kuwa mtaliki.