Tope la Masika na Baiskeli ya Askari

Katika Uganda mvua za masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, na za vuli tangu Septemba hadi Novemba. Maana yake ni kwamba kwa karibu nusu ya mwaka askari aendaye zamu kwa baiskeli hurudi na tope mpaka magotini, na baiskeli yake imebadilika rangi. Askari huoga. Baiskeli huegemezwa ukutani hadi kesho, na hapo ndipo uharibifu uanzapo.

Wako wanaoidharau baiskeli. Majeshi hayakuidharau. Uswisi iliwapa askari wake baiskeli ya mwaka 1905, chuma kitupu cha kilo zaidi ya 20, na kikosi chao cha baiskeli kilivunjwa mwaka 2003 tu. Mwaka 1954 Wavietnamu waliizingira ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu, na sehemu ya chakula na risasi zao ilipita porini juu ya baiskeli zilizosukumwa kwa mikono, nyingine zikibeba kilo 200 na zaidi. Na hapa kwetu boda boda ilizaliwa Busia, mpakani na Kenya, ikiwa baiskeli kabla ya kuwa pikipiki.

Sasa turudi kwenye tope letu. Udongo mwekundu wa moramu una punje ngumu, nazo zikichanganyika na mafuta ya mnyororo hufanya kazi ya msasa. Kwa hiyo baiskeli na ioshwe siku ile ile, tope likiwa bado bichi. Likiisha kukauka, lisifutwe kwa kitambaa kikavu, maana huikwaruza rangi, na palipokwaruzwa huingia kutu, lilowesheni kwanza.

Anzeni kwa kijiti, mkikwangua tope lililojikusanya kati ya tairi na madigadi. Kisha mwagieni maji kwa kopo kutoka juu kwenda chini, na sabuni ya kawaida yatosha. Tumeona vijana wakielekeza mpira wa maji kwa nguvu kwenye vitovu vya magurudumu, wakidhani wanasafisha sana. Maji hayo husukuma mchanga ndani, kwenye gololi, na kuiondoa grisi. Mkiisha kuosha, inyanyueni baiskeli kidogo na kuidundisha juu ya tairi zake ili maji yadondoke, kisha ikausheni kwa kitambaa.

Mnyororo wataka bakuli lake na mswaki mkuukuu. Usugueni kwa mafuta ya taa kidogo, mkiangalia yasidondokee tairi wala mipira ya breki, kwa kuwa mafuta huiharibu mipira. Ukaukapo, tieni tone moja la mafuta ya mashine juu ya kila kiungo, zungusheni pedeli kinyumenyume, kisha futeni yaliyozidi. Mafuta yaonekanayo kwa nje hayana kazi ila kukamata vumbi. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka katika injini ya lori, ambayo wengi huyapenda kwa kuwa ni ya bure, yamejaa masizi na unga wa chuma, hayo tunayakataa.

Je, mnyororo umechakaa? Chukueni rula ya mtoto wa shule. Tangu katikati ya pini moja hesabuni vipande 24: katika mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, ubadilisheni, la sivyo utayala meno ya gia, nanyi mtanunua vyote viwili.

Breki ndizo tunazozisisitiza kuliko yote. Askari aliyeitwa usiku kwenye ajali, akiteremka mlima wa Kabale au Kisoro katika mvua, hana kinga nyingine. Breki za vyuma hubana rimu kutoka ndani, palepale tope linapoganda. Chomoeni kwa sindano vijiwe vilivyojichomeka katika mipira yake, futeni rimu, na kazeni kila nati ya vile vyuma virefu. Rimu yenye maji huchelewa kushika. Basi bonyezeni breki kidogo kidogo kabla ya mteremko, si katikati yake.

Mvua ziishapo, fungueni vitovu. Tandikeni kitambaa chini, maana gololi hupenda kukimbia: kwa kawaida gurudumu la mbele lina 10 kila upande, la nyuma 9 zilizo kubwa zaidi. Yenye alama za kutoboka itupwe pamoja na wenzake wote, kwa kuwa mpya ikiwekwa kati ya zilizochakaa hubeba mzigo peke yake. Tieni grisi mpya, kazeni mpaka gurudumu lisicheze, lakini lizunguke lenyewe kwa uzito wa valvu.

Na atakaye kuzifungua pedeli akumbuke kuwa ya kushoto ina hesi za kinyume. Hufunguka kwa kuzungushwa kuume. Wenye nguvu nyingi wamevunja spana nyingi hapo.