Kusikiliza au Kusoma? Uhalali wa Alama za Ufahamu wa Kiingereza kwa Wanafunzi wa Sekondari Wazungumzao Kichina

Ikisiri
Makala haya yanajadili upimaji wa ufahamu wa kusikiliza na wa kusoma Kiingereza nchini China, kwa kurejelea gaokao, yaani mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu. Hoja kuu ni kwamba alama ya kusikiliza katika karatasi ya kitaifa ina kusoma ndani yake. Hivyo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na alama ya kusoma.

1.0 Utangulizi
Kiingereza katika gaokao hubeba alama 150. Katika muundo wa karatasi ya kitaifa, sehemu ya kusikiliza ina maswali 20 yenye jumla ya alama 30. Mazungumzo mafupi 5 husikika mara moja, na matini ndefu zaidi husikika mara mbili. Sehemu ya kusoma hubeba alama 50: maswali 15 ya kuchagua jibu, pamoja na matini yenye mapengo 5 yanayojazwa kwa sentensi zilizochaguliwa kati ya 7. Mwalimu anayemwandaa mwanafunzi kwa mtihani huu huamua stadi ya kutilia mkazo kwa kuangalia alama za mazoezi ya muundo huohuo. Alama ikifasiriwa vibaya, mwanafunzi hutibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

2.0 Athari za Lugha ya Kwanza
Mzungumzaji wa Kimandarini anaweza kulitambua neno la Kiingereza likiandikwa na asilitambue likitamkwa. Sababu mojawapo ni muundo wa silabi. Silabi ya Kimandarini haina mfuatano wa konsonanti mwishoni. Aghalabu huishia kwa irabu au nazali. Neno «walked», kinyume chake, huishia kwa sauti k na t, na hiyo t ndiyo inayobeba njeo. Katika usemi wa kasi, kama vile «walked to», t hiyo humezwa na ile inayoifuata. Zaidi ya hayo, kitenzi cha Kichina hakichukui kiambishi cha njeo, hivyo msikilizaji hana mazoea ya kuitafuta habari hiyo mwishoni mwa neno. Msomaji wa sentensi hiyohiyo huziona herufi za njeo zikiwa wazi.

Mfano wa pili ni viwakilishi. Katika usemi, Kimandarini hutumia umbo moja, tā, kwa mwanamume na mwanamke, ingawa maandishi huwatofautisha. Hali hii si ngeni kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kwani «yeye» na kiambishi a- havibainishi jinsi. Asomaye «he» badala ya «she» anaweza kurudi nyuma na kujisahihisha. Asikilizaye hana fursa hiyo.

3.0 Kusoma Ndani ya Kusikiliza
Katika karatasi ya kitaifa, swali na chaguzi zake 3 huchapishwa kwa Kiingereza. Msomaji mwepesi huzipitia mapema na kubashiri kitakachosemwa. Msomaji mzito anaweza kuyaelewa mazungumzo yote, lakini akakosa jibu kwa kuwa hajamaliza kusoma chaguzi. Kosa ni lilelile, ilhali vyanzo ni viwili.

Shanghai, ambako hutungwa karatasi ya pekee, swali lenyewe husikika na chaguzi tu ndizo zinazochapishwa. Mzigo wa kusoma hupungua, lakini mzigo wa kumbukumbu huongezeka, kwani mwanafunzi hulazimika kuyahifadhi mazungumzo mpaka swali lifike. Njia ya tatu ni kuandika maswali kwa Kichina. Njia hii huondoa kusoma Kiingereza, ila tafsiri yaweza kufichua maudhui ya matini. Kila njia ina gharama yake. La msingi ni gharama hiyo ijulikane na anayefasiri alama.

4.0 Athari ya Kubahatisha
Maswali ya kusikiliza yana chaguzi 3, na yale 15 ya kusoma yana chaguzi 4. Tuseme mwanafunzi amepata asilimia 60 kila upande: 12 kati ya 20, na 9 kati ya 15. Kanuni ya kawaida ya kusahihisha ubahatishaji hutoa idadi ya makosa iliyogawanywa kwa idadi ya chaguzi zisizo sahihi. Kusikiliza hubaki 12 kutoa 4, yaani 8, sawa na asilimia 40. Kusoma hubaki 9 kutoa 2, yaani 7, sawa na takribani asilimia 47. Kanuni hii huchukulia kwamba kila kosa limetokana na kubahatisha, jambo ambalo si kweli daima. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kuwa asilimia zinazofanana si lazima ziwakilishe uwezo unaofanana.

5.0 Hitimisho
Ulinganisho wa haki unahitaji matini za ugumu uleule, aina moja ya maswali na idadi moja ya chaguzi. Maswali yawe kwa Kichina katika stadi zote mbili, na matini zipokezanwe: kundi moja lisikilize matini ambayo kundi jingine linaisoma. Hapo tofauti ya alama itaweza kuhusishwa na njia ya upokezi. Pasipo hayo, kauli kwamba mwanafunzi fulani ni dhaifu katika kusikiliza itabaki kuwa dhana inayosubiri kuthibitishwa, na huenda anachohitaji ni kasi ya kusoma.