Kisukari cha Mimba na Unga wa Mlonge

Katika maswali yanayoniwasilia kutoka Kiwanja, jirani na Rutshuru, hakuna lirudilo mara nyingi kama hili: je, mama mjamzito aliyeambiwa sukari imempanda atapona kwa unga wa mlonge, mdalasini au uwatu, ambao wachuuzi huusifu kwa vipaza sauti na kuutia katika chupa kuukuu za maji, zisizo na kibandiko, wala kipimo, wala tarehe? Jawabu ni hapana, na sababu yake yastahili kuelezwa kwa taratibu.

Asili ya maradhi haya si sukari ya chai, kama wasemavyo majirani, wala si utajiri. Ni kondo la nyuma, ambalo kadiri mimba ikuavyo hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe mzito kuitii insulini, makusudi sukari ibaki katika damu na mtoto apate riziki yake. Na kongosho la mama lisipoweza kuongeza insulini kwa kadiri hiyo, sukari hufurika. Tena sukari huvuka kondo, lakini insulini ya mama haivuki. Basi mtoto hulazimika kutengeneza yake mwenyewe, nyingi kupita kiasi, akanenepa nayo, na kitovu kikatwapo neema ile hukatika ghafla ilhali insulini yake ingali tele, sukari yake ikaporomoka katika saa za mwanzo za maisha yake.

Wataalamu wenyewe wamejaribu virutubisho. Utafiti wa NiPPeR, uliofanywa Uingereza, Singapore na New Zealand na kutangazwa mwaka 2021, uliwapa wanawake inositoli, bakteria wenye manufaa na vitamini tangu kabla ya kushika mimba. Sukari yao haikushuka kuliko ya wenzao. Ikiwa vilivyopimwa kwa miligramu vimeshindwa, ni kwa ithibati gani mtu amwuzie mama wa watu majani yaliyotwangwa na kumwambia aache sindano za insulini? Huo ni udhalimu, nami sina subira nao.

Mama apimwe kati ya wiki ya 24 na ya 28. Apunguze tonge la bugali, aongeze lengalenga na maharage ambayo Rutshuru imejaliwa, atembee baada ya kula, na akiandikiwa insulini aitumie. Vidonge vya chuma na foliki asidi vya kliniki asiviache: havishushi sukari, bali vyalinda damu. Mtoto anyonyeshwe saa ile ya kwanza, na mama arudi kupimwa wiki 6 baada ya kujifungua, hata akijiona mzima.