LUGHA ISIYOFIKA (2): Kukiri usichokielewa

Wiki iliyopita tuliona kwamba hotuba inaweza kusikika hadi nyuma ya ukumbi na bado isieleweke. Leo tuingie mahakamani, ambako kutoelewa kunaweza kumfikisha mtu gerezani.

Tuchukue mfano wa mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba baiskeli. Anasomewa shtaka, anaulizwa kama ni kweli, naye anajibu: "Ni kweli, niliichukua." Mwenye haraka atasema amekiri. Lakini wizi kisheria una viungo vyake: kuchukua mali, kuichukua bila haki, na kuichukua kwa nia ya udanganyifu. Huenda mtu huyu aliamini kwa dhati kwamba baiskeli ni yake. Alichokiri ni kuichukua, wala hajakiri wizi.

Jambo hilo lilipewa uzito mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, lililotoka Kenya. Mahakama ilieleza kwamba shtaka na viungo vyote vya kosa vifafanuliwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Kisha mwendesha mashtaka asimulie tukio, na mshtakiwa apewe nafasi ya kupinga au kueleza. Akipinga, au akitoa maelezo yanayotia shaka kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana, na kesi isikilizwe. Hadi leo mahakama za Kenya na Tanzania hurejea uamuzi huo.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba umemtwika mzigo msemaji. Mshtakiwa halaumiwi kwa kutoelewa. Mahakama ndiyo inayodaiwa kuhakikisha ameelewa.

Tanzania ilipiga hatua nyingine mwaka 2021, Bunge lilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili miaka mingi kabla ya hapo, na bado wapo waliotoka humo wasijue kilichoamuliwa. Kuambiwa shauri "limeondolewa" kwa kasoro za kisheria kwa kawaida huacha mlango wa kulifungua upya baada ya kurekebisha kasoro. Likiwa "limetupwa", kwa kawaida njia iliyobaki ni rufaa. Asiyejua tofauti hiyo hurudi nyumbani akingoja, na siku 30 za kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya zinakwisha.

Kwa hiyo naomba kanuni ya mwaka 1973 ivuke hatua ya kukiri kosa na kufika hadi hukumu. Hakimu akimaliza kusoma, aseme kwa sentensi fupi: nani ameshinda, kila upande unatakiwa kufanya nini, na mwisho wa kukata rufaa ni tarehe ngapi. Kisha amtake mdaawa aeleze alichoelewa. Dakika hizo chache ni sehemu ya haki yenyewe, kwa sababu haki ya rufaa haimsaidii mtu asiyejua kwamba anayo.

Wiki ijayo: mikataba ya mikopo, na saini zinazowekwa chini ya maneno yasiyosomeka.