Pikapu ya Zamani Iliyofufuliwa: Bei Yake ya Haki Unaijuaje?



Swali linalonijia sana inbox siku hizi ni hili: "Kaka, nimeona pikapu ya zamani, imetengenezwa upya, inang'aa balaa, wanataka milioni kadhaa. Hiyo ndiyo bei yake kweli?" Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaouliza siyo matajiri wanaotafuta gari la kutembelea Jumapili. Ni watu wa vitunguu, viazi, mbao na mbuzi, na hela wanayotaka kuitoa ndiyo mtaji wenyewe. Ukilipa milioni nne zaidi ya thamani, msimu ukifika huna hela ya kununua mzigo. Unabaki na gari zuri, tupu, limeegeshwa nje.

Mfano wangu utakuwa Land Rover 109, maana hizo ndizo ninazonunua na kuuza hapa Arusha. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Kama unatafuta Hilux ya zamani, Datsun au Peugeot 504, hesabu ni ile ile. Kinachobadilika ni mahali pa kukagua.

Kwanza ujue kuna wanunuzi wa aina mbili, na kila mmoja ana bei yake. Wa kwanza anataka gari lipige kazi. Anauliza inabeba kiasi gani, inakunywaje, spea zipo? Wa pili anaipenda. Anataka taa ziwe pale zilipokuwa gari lilipotoka kiwandani, usukani ule ule, injini ile ile. Msidhani hawa wa pili hawapo kwetu. Oktoba 2024 Land Rover zilijaa Arusha kwenye tamasha lao, na mliokuwepo mliona watu wanavyozipapasa kama ng'ombe wa mahari. Shida inaanza pale muuzaji anapomtoza mtu wa vitunguu bei ya mtu wa tamasha. Kabla hujataja hela yoyote, jiulize: mimi ni nani kati ya hawa wawili? Na gari hili linamfaa nani?

Dada mmoja anayenunua vitunguu Mang'ola na kuleta mjini alinipigia mwaka jana. Kaonyeshwa 109 pikapu, Series III, rangi ya kijani imepigwa juzi, siti mpya, turubai jipya. Wanataka milioni 19. Muuzaji ana bahasha ya risiti: gari alinunua milioni 5, matengenezo milioni 13. Jumla 18, anaweka moja ya jasho lake. Dada akaniambia, "Kaka, mbona hesabu yake imekaa sawa?"

Imekaa sawa kwake. Risiti zinakwambia yeye katumia nini, hazikwambii soko litalipa nini. Mtu akinunua gunia la vitunguu kwa bei ya juu kisha bei ikashuka, wewe humlipii hasara yake. Ila risiti msizidharau, zina kazi nyingine: zisome kujua hela ilienda wapi. Hela iliyoenda kwenye breki, chesisi, nyaya za umeme na injini, sehemu yake kubwa inabaki ndani ya gari. Hela iliyoenda kwenye rimu za kung'aa, muziki na siti za ngozi imeshaliwa. Za huyu bwana zilikuwa rangi, siti, turubai, taa za mapambo na redio. Breki sikuiona hata kwenye karatasi moja.

Sasa bei ya soko unaipataje? Siyo kwenye matangazo. Bei ya kwenye tangazo ni matamanio ya muuzaji. Ninachofanya mimi: nikiona tangazo la gari la aina ninayoitaka, naandika kwenye daftari tarehe, bei na hali yake. Likitoweka, napiga simu kwa upole. "Mkuu, lile gari lilienda? Hongera. Lilienda kwa ngapi?" Wengine hawasemi, wengine wanasema, na ukiwa na bei tatu nne za kweli za miezi ya karibuni, wewe unajua kuliko dalali. Dalali naye muulize, lakini kumbuka anakula asilimia, kwa hiyo bei ikipanda na yeye anapanda. Fundi wa gereji ndiye namwamini zaidi, maana mnunuzi akishanunua anapeleka gari kwake, na huko wanatukana bei waliyolipa.

Na msiende kuchukua bei kwenye ule mfumo wa TRA wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika. Ule ni wa kodi ya gari linaloingia nchini. Haujui kwamba 109 hii ina kutu au haina.

Kuna pia wale wanaokuonyesha simu: "Angalia, Marekani hii inauzwa madola!" Ni kweli kule zinauzwa ghali. Marekani gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango vyao vya usalama vya magari mapya, kwa hiyo wapenzi wa Land Rover wanazitafuta. Lakini gari wanalolipia hivyo lina chesisi safi, historia yake ipo kwenye karatasi, na kuna mtu kalipia meli, bandari na nyaraka. Kama muuzaji wako hana mnunuzi wa kule mkononi, bei hiyo haikuhusu.

Kwa mtu wa kazi, bei ya pikapu ya zamani ina sakafu na dari. Sakafu ni bei ya spea: ikikatwa leo, injini, gia boksi, difu, milango na bodi vitaleta ngapi? Chini ya hapo ukipewa, chukua. Dari ni gari lingine linaloweza kufanya kazi yako. Kama mzigo wako ni kreti za soda mjini kwenye lami, kirikuu itakufanyia kwa mafuta kidogo, kwa hiyo usimlipe mtu wa 109 zaidi ya bei ya kirikuu nzuri. Kama unapita njia za Mang'ola wakati wa mvua, kirikuu haipo kwenye mashindano, na dari inapanda mpaka kwenye Hilux iliyotumika ya 4WD. Dari ya jirani yako siyo dari yako.

Tuje kwenye ukaguzi, maana hapa ndipo hela ilipo.

Bodi ya Land Rover hizi karibu yote ni alumini. Haili kutu kama bati la chuma. Ndiyo maana utaona gari la mwaka 1975 bodi yake nzuri tu, ukadhani limetunzwa. Chesisi ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi katikati. Maji na matope vinaingia, vinakaa, kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Nje unaona rangi nyeusi mpya, ndani imebaki ganda. Kwa hiyo mimi huwa naingia chini na nyundo ndogo, nagonga polepole urefu wote. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya mkebe uliojaa mchanga. Gonga zaidi kwenye boriti ya nyuma, mahali springi zinaposhikia, na vile vikono vya pembeni vinavyobeba bodi. Muuzaji akikukataza kugonga, ameshakujibu. Halafu angalia ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, nao ni chuma. Funua kapeti, bonyeza kwa kidole. Na pale alumini inapokutana na chuma, ukiona unga mweupe, ujue alumini yenyewe imeanza kuliwa.

Beba na sumaku. Kwenye Hilux, 504 au Datsun, ambazo bodi ni bati la chuma, pitisha sumaku ubavuni: ikishika vizuri ni bati, isiposhika hapo kuna pati iliyozibia shimo, na rangi nzuri juu yake ni mapambo ya msiba. Kwenye Land Rover ni kinyume. Katikati ya ubavu wa bodi sumaku haitakiwi kushika. Ikishika, mtu kachomelea bati la kawaida, na hilo litaota kutu.

Injini. Ya asili ya 109 nyingi ni ile ya silinda nne ya lita 2.25, ya petroli au dizeli. Ya petroli usitegemee zaidi ya kilomita 5 hadi 7 kwa lita, na ikiwa na mzigo ni chini ya hapo. Kwa hiyo nyingi zimeshafungwa injini ya dizeli ya Kijapani. Kwa mpenzi wa gari, hiyo inashusha bei sana. Kwa mtu wa vitunguu inaweza kuipandisha, mradi kazi imefanywa vizuri na, hapa sikilizeni, injini hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari. Namba ya injini na rangi vipo kwenye kadi. Gari lililokuwa jeupe sasa ni la kijani, kadi bado inasema jeupe: hilo ni gharama yako na usumbufu wako barabarani. Namba ya chesisi isome mwenyewe, imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na springi. Ikiwa imesagwa au hapo kuna chuma kipya, ondoka. Usishushe bei. Ondoka, maana gari lisilo na utambulisho huwezi kuliuza tena kihalali.

Turudi kwa yule dada, niwaonyeshe hesabu. Kwenye daftari langu nilikuwa na 109 mbili zenye injini ya Kijapani zilizouzwa miezi ile, hali nzuri: moja milioni 14, nyingine 15. Nikaanzia 14 na nusu. Boriti ya nyuma ya gari lile ilikuwa inalia mkebe. Fundi wa kuchomelea akasema milioni 1 na laki 2 kuikata na kuweka nyingine. Matairi manne yalikuwa yameisha, saizi ya 7.50-16, tukaweka milioni 1 na laki 4. Breki za nyuma hazishiki, laki 4. Jumla milioni 3 kamili. Ikabaki milioni 11 na nusu. Rangi mpya? Sikuiongezea kitu, maana zile mbili za daftarini nazo zilikuwa na rangi nzuri.

Kisha tukaomba kadi. Jina la kwenye kadi ni la mzee aliyefariki. Muuzaji alinunua kwa mtoto wa marehemu, kwa karatasi ya kuandikishana tu. Hili halitolewi kwenye bei, wakuu. Watu wengi wanaona punguzo la laki tano kwa ajili ya karatasi wanafurahi, halafu wanakuja kugundua kuwa anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na kwamba marehemu ana watoto sita. Nikamwambia dada: bei yako ni 11 na nusu, mwisho wako 12, na hata shilingi moja haitoki mpaka msimamizi apatikane, asaini, na umiliki uhamie kwako TRA. Muuzaji alikasirika, akasema tunamdharau. Dada akaenda Mang'ola kwa gari la kukodi kama kawaida yake. Wiki saba baadaye muuzaji alipiga simu, karatasi zimekamilika, akataka 13. Wakamalizana kwenye 12.

Angelipa 19 siku ile ya kwanza, angekuwa na gari la jina la marehemu, breki mbovu, na milioni 7 zisizorudi. Yeye anasema milioni 7 ndiyo hela yake ya kununulia mzigo msimu mzima.

Mnaofufua magari ili muuze, hesabu hii mgeuzeni. Anza na bei ya juu ambayo mnunuzi wako atalipa, toa faida yako, toa matengenezo, kinachobaki ndiyo bei ya kununulia mkweche. Ikiwa mkweche unauzwa zaidi ya hapo, mwachie mwenzako. Na amua mapema unamtengenezea nani. Ukifunga injini ya Kijapani halafu ukatafuta taa za asili kwa bei mbaya, umetumia hela za wanunuzi wawili na utalipwa na mmoja.

Pia bei za daftari zinachacha. Nikiandika bei ya Januari, mwezi wa saba siitumii bila kupiga simu upya, maana mazao yakitoka kila mtu anataka pikapu, na mvua zikikatika wanaouza wanaongezeka.

Mwisho, siku ya kwenda kuiangalia mwambie muuzaji utafika saa moja asubuhi na asiiwashe. Injini ya baridi haifichi moshi wala ugumu wa kuwaka. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, agiza chai na chapati mbili, kaa hapo hapo uisubiri ipoe.